Kinywa Mbele ya Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, kliniki ya meno Korogwe, sikushika hata koleo. Tabibu Mfawidhi, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alinisimamisha pembeni nimtazame mama mmoja wa Makuyuni. Jino lake lilikuwa limezibwa juzijuzi, naye amerudi akilia kwamba bado linauma.

"Usimwambie avumilie," mzee aliniambia. "Muulize linauma lini."

Kazi yote imo katika swali hilo. Jino likishtuka kwa maji baridi siku chache baada ya kuzibwa, mara nyingi hutulia lenyewe. Likiuma mtu anapotafuna, huenda kizibo kimezidi kimo. Mng'atishe karatasi ya rangi, uone panapogonga, upapunguze kidogo. Lakini likipwita lenyewe bila kuguswa, kiini kinaoza ndani, na hapo hakuna kungoja.

Nilihamishiwa Hale, kisha Handeni, nikaoa Chanika, hukohuko Handeni. Mama mkwe wangu alikuwa mcheshi kwa watu wote isipokuwa mimi. Kwa mila ya kwao, mkwe hali mbele ya mkwe, sembuse kumpanulia kinywa. Tukikutana njiani alijifunika khanga akapita kando, nami nilimheshimu kwa hilo.

Jino lake lilizibwa na mwenzangu, mimi nikiwa nimetoka chumbani makusudi. Mwenzangu akaenda likizo. Jioni moja mke wangu, Zaina, akarudi kutoka kwao amenyong'onyea.

"Mama kavimba shavu. Anasema linapwita hata akitulia."

"Mlete sasa hivi!"

"Nimemsihi. Anasema, 'Nitampanuliaje mkwe wangu kinywa? Namngoja yule mwingine.'"

Nilikwenda mwenyewe, nikasimama nje ya mlango wake.

"Shikamoo mama. Basi twende Korogwe, huko utatazamwa na mtu baki."

"Marahaba, baba. Kesho, Mungu akipenda."

Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka shingoni na pumzi inamkwama. Tulimpakia garini, akafariki kabla hatujafika.

Msibani wapo walionong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waliniudhi sana. Mama hakuficha kitu, alimwambia mwanawe, naye akaniambia. Nilijua kila kilichokuwa kikitendeka ndani ya jino lile, na mikono yangu haikuwa na ruhusa. Nimestaafu na uchungu huo, wala haujapungua.

Mwaka huu jino langu nililozibwa zamani lilianza kupwita. Nikapanda gari hadi Korogwe, kwenye kliniki ileile. Tabibu wa zamu siku hiyo ni mke wa mwanangu. Aliponiona akapiga goti.

"Shikamoo baba. Ngoja nikuitie mwenzangu."

"Marahaba. Usimwite mtu. Nitazame wewe."

"Mimi, baba?" Macho yake yalikuwa sakafuni.

"Wewe, mwanangu."

Nikaketi kwenye kiti, nikampanulia kinywa. Machozi yakanitoka kabla hajagusa jino.