Fungu la Gamalat

Nahodha Shazli aliendesha meli za watalii kati ya Luxor na Aswan kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuingia hekalu hata moja. Wageni hawaamini nikiwaambia, lakini sisi wa mtoni tunajua sababu. Gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tano au sita, na ile ya katikati ikitaka kuondoka, za nje zote lazima zisogee. Nahodha akienda kutembea, nani atasogeza? Basi wageni walikwenda kwa mafarao wao, yeye akabaki na chai yake nyeusi, viatu amevivua, miguu ameikunja kitini.

Shida ni kwamba nyumbani alikuwa akisimulia mengine.

Mimi ni Inas, mwongoza watalii, na nilifanya naye kazi miaka sita ya mwisho. Alipostaafu, wenye meli walimpa zawadi: safari ya siku nne, yeye na mkewe, kama wageni. Kila mtu alimpongeza. Yeye akaja kunivuta pembeni na uso wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Binti yangu, nimekwisha."

"Kuna nini, nahodha?"

"Mama Rabii. Kila nikirudi ananiuliza, 'Umeona nini?' Ningemwambia nini? Maji? Nikasema nimeingia hekaluni. Nimeingia makaburini. Nikampigia chuku, mwanangu, mpaka majirani wakawa wanakuja na viti vyao kusikiliza."

Alimwita Mama Rabii kwa sababu huko kwao Esna mwanamume hamtaji mkewe kwa jina mbele za watu. Miaka sita, sikuwahi kulijua jina la yule mama.

Nilimwambia anitajie uongo wake wote, tuone upi unatengenezeka. Mwingi ulikuwa mwepesi. Mambo mawili yalimtoa kijasho. La kwanza, wiki moja baada ya harusi alichelewa kurudi nyumbani siku nzima, akadai wageni walipotea ndani ya kaburi la mfalme na yeye ndiye aliyeingia na taa kuwatoa.

"Na la pili?"

"Nilimwambia katika chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Edfu kuna mashua. Mashua, binti yangu! Ndani ya jumba la mawe! Nikasema nimeishika kwa mkono huu. Sikuwa na kitu kingine kichwani."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Mashua ipo. Si ya zama zile, ni ya mbao, imeundwa kwa kuigiza ile ya kale, lakini ipo palepale aliposema. Sikumwambia. Nilitaka aikute mwenyewe, afurahi. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali.

Mama Rabii alipanda meli na abaya yake nyeusi na mfuko wa mikate ya jua, ile inayoumukia juani, maana mkate wa meli hakuuamini. Alikuwa mfupi, mnene, na mwenye bashasha. Siku ya kwanza tulivuka mto kwenda makaburini. Akateremka mpaka chini, akatazama kuta, akatazama dari, akasema mashallah. Kisha akageuka kutazama alikotoka.

"Njia ni moja tu," akasema. "Inaingia, inatoka. Hao wageni wako walipoteaje, Baba Rabii? Walikuwa vipofu?"

"Lilikuwa kaburi jingine, mama," nikadakia. "Lile limefungwa siku hizi."

Akanitazama kwa macho ya mwanamke aliyelea wavulana watano. Nahodha alikuwa ghafla anapenda sana kutazama dari.

Asubuhi iliyofuata tukawa Edfu. Kila tulivyozidi kuingia hekaluni, giza lilizidi na nahodha akazidi kurudi nyuma, mpaka mkewe akamshika mkono. "Twende unionyeshe mashua yako. Miaka yote hii naisikia."

Akamvuta mpaka mlango wa chumba cha mwisho. Mashua ile pale, juu ya jiwe, imetulia.

Nahodha akabaki mdomo wazi. "Ipo!" akapiga kelele. "Wallahi ipo!"

Watalii wakageuka. Mama Rabii akauachia mkono wake.

"Kwa nini isiwepo?" akauliza.

Angeikuta haipo, tungesema imehamishwa. Tulijiandaa kwa kila kitu isipokuwa furaha ya nahodha.

"Hujawahi kuingia humu," akasema.

"Mama Rabii..."

"Niliwasimulia wanawake wa mtaa mzima. Niliapa, Shazli! Mke wa Hassan alibisha, nikaapa! Kuanzia leo ukiniambia jua limechomoza, nitatoka nje kuangalia mwenyewe."

Kwenye gari la farasi la kurudi gatini alikaa amempa mumewe mgongo, anatafuna mkate peke yake. Chakula cha mchana alikula meza moja na bibi mmoja Mjerumani, wasioelewana hata neno, na wakacheka sana. Nahodha hakugusa sahani yake. "Atanisamehe uongo," aliniambia, "lakini hataniamini tena. Nitakaa nyumbani na mtu asiyeniamini." Roho iliniuma, maana mimi ndiye niliyemwacha aingie mtegoni.

Alasiri, meli ikielekea Kom Ombo, nahodha mpya, Bakri, aliyekuwa msaidizi wake, akatuita chumba cha usukani tunywe chai. Mama Rabii alikuja kwa sababu kukataa kungekuwa aibu mbele za watu. Akakaa pembeni na bilauri yake. Nahodha akakaa pembeni nyingine. Mimi nikakaa katikati, nikitamani kuwa kwingine.

Bakri akachukua redio. "Tunamkaribia Gamalat. Tunapita mashariki."

Meli ya mbele ikajibu, "Angalia sana, kaka. Gamalat kanenepa mwaka huu, hasa upande wa nyuma."

Bilauri ya Mama Rabii ikasimama mdomoni.

"Gamalat gani?"

"Fungu la mchanga, mama," akasema Bakri. "Ndilo jina lake tangu zamani. Mto mzima unaliita hivyo."

Akamgeukia mumewe polepole. "Nani huyo Gamalat, Baba Rabii?"

Nilidhani sasa tumefika kwenye uongo ambao hautengenezeki. Nahodha akamtazama Bakri, akanitazama mimi, akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha akasema mbele ya mwanamume mwingine jambo ambalo mwanamume wa Esna halisemi.

"Ni wewe."



"Wiki ile baada ya harusi," akaendelea, "niliipandisha meli mchangani, mchana kweupe. Tukakwama siku nzima. Mwenye meli akanifokea, 'Akili yako iko wapi?' Jina likanitoka. Mabaharia wakalishika, halijatoka tena."

"Kwa hiyo hakuna mgeni aliyepotea kaburini."

"Nilipotea mimi. Niliona haya kukwambia."

Mama Rabii akamgeukia Bakri. Ya mumewe hayakumtosha.

"Wewe, sema kweli. Ndivyo?"

"Mama, hadithi ya kukwama nimeikuta, kila mtu anaijua," Bakri alisema, kijasho kikimtoka. "Gamalat ni nani, ndiyo kwanza nasikia leo."

Akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Jina langu!" sauti ikatoka ndani ya mtandio. "Midomoni mwa wanaume wote wa mto! Na wanasema nimenenepa!"

Alikuwa anacheka hadi chai inamwagika. Nahodha naye akaanza, kwa woga kwanza, kama anayejaribu kina cha maji. Bakri alikaza macho mbele, masikio yamemwiva.

Alipotulia akafuta macho, akanigeukia.

"Na wageni wakikuuliza, mwanangu, unawaambia Gamalat ni nani?"

Hapo na mimi nilikuwa na uongo wangu.

"Binti wa farao, mama. Mzuri kuliko wote wa zama zake."

Akatazama dirishani. Fungu lilikuwa linapita kulia kwetu, refu, jeupe, limejaa ndege. Akafungua mfuko wake, akamega mkate wa jua, kipande kikubwa akampa mumewe.

"Usibadilishe," akaniambia.