Hadithi Iliyokatikia kwenye Honi

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyemsingizia. Kinyozi yule alianza kuongea ukiwa bado hujakaa kitini, na hanyamazi mpaka umetoka mlangoni. Vinyozi wengine walikaa wakipiga miayo huku kwake watu wamepanga foleni, maana kunyoa wengi wanajua, ila kumchekesha mtu na wembe uko shingoni ni kipaji.

Basi siku moja balbu ya juu ya kioo ikawa inazimazima. Redio akapanda kwenye stuli kuikaza, na mdomo nao haukupumzika: alikuwa akimsimulia mteja habari za bwana harusi mmoja aliyekuja kunyolewa akiwa amechelewa. Akafika pale bwana harusi aliposikia honi nje, stuli ikateleza. Kichwa kikagonga ukingo wa meza, na hadithi ikaishia hapo.

Alipozinduka hospitalini, mikono ilikuwa mizima na miguu mizima. Maneno ndiyo hayakuwepo. Alimjua mkewe, alijua anataka maji, lakini akifungua mdomo kinachotoka ni "ile, ile" basi. Waliambiwa kwamba ubongo umeumia upande wa kushoto, panapotengenezwa maneno.

Alirudi kazini, akanyoa vizuri vilevile. Lakini saluni sasa ilikuwa na mngurumo wa mashine tu, na wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, kwa adabu. Mkewe hakukubali. Akahamia kwenye benchi pale ndani, akawa mdomo wa mumewe. "Baba watoto anauliza, apunguze na pembeni?" Nia yake ilikuwa njema, Mungu ni shahidi. Ila Redio aliumia sana. Mtu aliyewalisha wenzake maneno miaka yote, leo analishwa yeye. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba atabaki bubu hivi mpaka kaburini.

Hapo ndipo daktari mmoja alipowaeleza juu ya utafiti wake. Alikuwa akipiga picha ubongo wa watu walioumia kichwa, mara ya kwanza kabla ya mazoezi ya kuongea na mara ya pili baadaye, aone sehemu gani zinaamka. Redio akakubali. Picha ya kwanza ilipotoka, daktari akawaonyesha kwenye kompyuta: kushoto, palipotakiwa kuwaka rangi, palikuwa kiza kitupu.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" mkewe akauliza.

"Hapana, mama. Hii ni picha ya leo. Ya kesho hatujaipiga."

Wakaanza mazoezi. Kikombe, ufunguo, kiatu, kila asubuhi na mwalimu wa kuongea, Redio akitoka jasho kana kwamba anapasua kuni. Siku nyingine neno lilikuja, siku nyingine likagoma. Bandu bandu humaliza gogo, mkewe alimwambia, ingawa mwenyewe alishaanza kuliogopa hilo gogo.

Siku ya picha ya pili, dada anayeendesha mashine ya picha alimtolea mfukoni kitana na mkasi, akatikisa kichwa. "Mzee, huku ndani kuna sumaku. Ulitaka mkasi ukunyoe wewe?" Akamlaza, akamweleza: ataonyeshwa vitu, avitaje moyoni, asitoe sauti wala asijitingishe, la sivyo picha itaharibika. Mashine ikaanza kugonga kama watu wanaoezeka bati. Kisha sauti ya dada ikaja kwenye spika: "Tulia, mzee. Usitikise kichwa."

Jamani, maneno hayo yalikuwa yake. Amewaambia wateja kila siku iendayo kwa Mungu, na hayakuwahi kwenda peke yake. Kabla hajajua, mdomo ukamalizia: "Ukitikisa, sikio nabaki nalo mimi."

Mashine ikazimwa. Nyuma ya dirisha la kioo mkewe alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Picha imeharibika," dada akasema, huku anacheka. Redio alilia mle ndani bila kujifuta, kwa kuwa aliambiwa asijitingishe.

Daktari hakuwadanganya. Maneno yaliyozoeleka hutoka mapema, akasema, hiyo haimaanishi yote yamerudi. Wakarudia kipimo, na safari hii Redio akatulia tuli. Picha ikatoka: kuzunguka pale penye kiza palikuwa na rangi, hafifu, lakini ipo. "Majirani wameanza kushika kazi ya mgonjwa," daktari akasema. "Usiache mazoezi."

Hakuacha. Siku moja yule mteja wa siku ya stuli akaja kunyolewa, na kama walivyozoea wote, akamuuliza mke. "Hivi shemeji, ile hadithi ya bwana harusi iliishaje?"

"Aah, yule si aliruka dirisha..."

Redio akazima mashine ya kunyolea.

"Mke wangu," akasema, akipapasa kila neno kama sindano iliyoanguka mkekani. "Nyamaza. Hadithi... yangu."

Mkewe akafunga mdomo. Hajawahi kuambiwa nyamaza akafurahi vile. Machozi yalimtoka. Wateja waliokuwa benchini wakasubiri, na hakuna aliyemsaidia Redio neno.

"Honi," Redio akaanza tena. "Honi ilikuwa... ya bibi harusi. Naye... kachelewa."