Jumamosi Kisimani

Muthoki wa Kivuva alijulikana Migwani nzima kwa sauti yake. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na akiomba, hata waliokuwa nje wakifunga punda waliitikia amina. Lakini siku ambayo watu wanaikumbuka zaidi ni ile aliyoomba bila neno hata moja.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mvua zilipokataa. Mumewe Kivuva na mdogo wake Muli walikuwa wakichimbia kijiji kisima, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wanakufa, hata Ijumaa Kuu hawakupumzika. Alasiri hiyo ukuta wa kisima uliporomoka juu yao. Watu walichimba kwa sururu na makarai mpaka giza, wakaanza tena alfajiri. Kufikia saa nne Jumamosi, wanaume walikuwa wanatazamana tu. Mchungaji Jonah akafungua Biblia, na wanawake wakaanza kilio cha msiba.

Muthoki akasimama. "Mchungaji, naomba watu wanyamaze."

"Mama, acha tuombe kwanza."

"Tumeomba tangu jana. Sasa tusikilize."

Mchungaji akafunga Biblia. Abdinoor, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeleta lori lake kutoka Mwingi kuhamisha udongo, akazima injini na kuketi chini na wengine. Muthoki akalala kifudifudi, sikio kwenye ardhi. Mbinya, mke wa Muli, akalala kando yake, wakashikana mikono.

Mwanzoni Muthoki alisikia mapigo ya moyo wake tu. Alitafuta maneno ya kumwambia Mungu, asipate. Kushukuru hakuweza, kulalamika hakuweza. Kisha hata mapigo yale yakatulia, na ule ukimya ukawa kama chumba chenye giza ambamo unajua kuna mtu ameketi, ingawa hasemi. Hakuahidiwa lolote. Mwili ulimsisimka, akaogopa hata kupumua kwa nguvu, jinsi mtu anavyoogopa mbele ya mkubwa aliyekuja karibu mno.

Jua lilikuwa utosini chuma kilipogonga jiwe, mbali, chini. Mara moja. Kimya kirefu. Kisha tena.

Mbinya aligeuza uso, wakatazamana. Aliyegonga alikuwa mmoja, na hawakujua ni mume wa nani. Hawakuachiana mikono.

Jioni Kivuva alitolewa chini ya mwamba uliomkinga, mguu umevunjika, mtaimbo ungali mkononi. Muli alikuwa amefariki tangu Ijumaa, kichwa chake kikiwa kwenye paja la kaka yake.

Kivuva alipelekwa hospitalini. Siku ya Pasaka nyimbo zilianzishwa na mtu mwingine, kwa sababu Muthoki alikuwa nyumbani kwa Mbinya, ameketi naye mkekani. Hakumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, wala hakumwambia ajikaze. Walimzika Muli, wakarudi mkekani. Siku ya nne Mbinya ndiye aliyeanza kusema.

"Pale kisimani, kabla ya chuma kugonga, ulisikia kitu?"

"Nilisikia."

"Kilisema nini?"

"Hakikusema."

Mbinya aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akiogopa kwamba ni yeye peke yake. "Hata mimi," akasema. "Na mpaka sasa hakijaondoka."

Halafu akaomba uji, na Muthoki akaenda kuwasha moto.