Nyongeza ya Perege

Leo kwenye duka la pembejeo nimenusa dawa ya kuulia wadudu, nikalipa bila kupatana, mimi ninayepatana hata bei ya chumvi.

Utotoni, kaka yangu alimwaga dawa kama hiyo mtoni, huko Kidodi, perege wakaelea matumbo juu. Tuliwapasua upesi, akisema sumu inaishia kwenye utumbo.

“Lakini wewe usilambe vidole,” akaniambia.

Nilihesabu mara mbili: thelathini na mmoja wa kuuza. Jirani yetu mjamzito alichagua watano.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kwenu mmebakiza?”

“Tumebakiza wakubwa,” nikajibu, na kwetu yalikuwa yanachemka maharage.

“Mchuuzi wewe! Basi niongeze mmoja wa huyu,” akasema akishika tumbo.

Nikamwongeza mnono kuliko wote, bila kubisha.