Mkono Aliouunga Teodora

Kabla hajaanza kuunga mifupa ya watu, Teodora alivunja miguu ya kuku. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa na baba yake, mzee Luhende, kule Misungwi, alipokuwa na miaka kumi na miwili. Mgonjwa akiletwa amevunjika mguu, Teodora alikamata kuku, akamvunja mguu mbele ya mgonjwa, kisha baba yake akawafunga wote wawili vibao vya mianzi na kuwapaka mafuta ya nyonyo. Mgonjwa aliambiwa kwamba siku kuku atakapotembea, naye atatembea. Teodora aliwahi kumwuliza baba yake kama ni kweli mguu wa kuku unaongea na mguu wa mtu. Mzee alisema hajui, ila amewaona wengi wakimtazama kuku akichechemea uani, na kesho yake wakaomba fimbo wasimame.

Leo ana miaka sitini na moja na anaishi Mkuyuni, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa chini ya majabali. Watu humwita Mayu Teodora, yaani mama. Wanaoletwa kwake ni madereva wa bodaboda, wapasua mawe, wavuvi waliobanwa na mitumbwi, na wanawake. Wanawake wengi husema wameanguka, naye hajawahi kubishana nao. Anajua kwamba mtu aliyeanguka huvunjika karibu na kiganja, kwa sababu alijikinga na ardhi. Aliyepigwa huvunjika katikati ya mkono, kwa sababu alikuwa anakinga uso. Yeye mwenyewe alivunjika katikati. Marehemu mume wake, Yakobo, alimpiga kwa mchi mwaka wa tatu wa ndoa yao. Aliuunga mkono huo peke yake, kamba akiikaza kwa meno, huku Yakobo akila ugali chumba cha pili.

Hellen aliletwa kwake mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa mkono, katikati. Mara ya pili ulikuwa mtulinga, mfupa wa begani. Mara ya tatu hakukuwa na mfupa uliovunjika, lakini alibebwa mgongoni na mume wake, Mihayo, mpasua mawe wa Igogo, miguu yake ikining'inia kama nguo iliyoanikwa.

Mihayo alisalimia kwa adabu, akaeleza. Mke wake aliamka asubuhi moja akashindwa kusimama. Hospitali walimpiga picha mgongo na miguu, wakasema mifupa na mishipa ni mizima, labda ni mawazo, akaonane na mtu wa kuzungumza naye. Yeye alielewa kwamba Hellen anajifanya. Ndipo akachemsha maji akammwagia miguuni, aone kama ataruka.

Hakuruka. Teodora alifunua kanga akakuta malengelenge kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo. Alimwambia Mihayo amwache mgonjwa hapo mpaka atakapoitwa, na Mihayo, ambaye hakupenda kuonekana mtu mbaya mbele ya wazee, akakubali.

Siku ya tatu, mchana, Hellen akiwa amelala, Teodora aliona mguu wa kulia ukipanda taratibu na kuukuna wa kushoto. Alipoamka, miguu ikafa tena.

"Miguu yako ni mizima," Teodora alimwambia. "Imegoma tu."

Hellen alianza kulia. Alisema anaapa kwa watoto wake wawili kwamba hajifanyi.

"Sijasema unajifanya. Imegoma bila kukuuliza. Imejua ikipona itarudishwa wapi."

Hiyo ndiyo imani ya Teodora, na hajaisoma popote. Anaamini woga ukimwingia mtu hutafuta mahali pa kukaa, na ukikaa, mahali hapo hapafanyi kazi. Alileta kuku kama desturi ilivyo, lakini Hellen aliomba asivunjwe kwa ajili yake. Basi wakabaki na mafuta na vidole. Kila asubuhi Teodora alimkanda kuanzia ugokoni kwenda juu, na kila alipogusa alimtaka aseme pale palipigwa na nini. Ugoko ulipigwa kwa kiatu. Paja lilipigwa kwa waya wa umeme. Teodora naye alimsimulia mchi wa Yakobo. Walipofika nyonga Hellen alitapika, akatetemeka mwili mzima, na jioni ile akasogeza kidole gumba mwenyewe.

Wiki ya tatu ikiwa inaisha, Jumamosi asubuhi, Mihayo alikuja bila kuitwa. Alitoka moja kwa moja mlimani, nyundo ya mawe mkononi, ananuka gongo. Alimtaka mke wake. Teodora alisimama mlangoni akamwambia bado. Mihayo alimshika shingo akampigiza kwenye fremu ya mlango, na meno mawili ya mbele yakatoka. Akaingia, akamshika Hellen nywele, akamburuta hadi uani. Malengelenge yaliyokuwa yameanza kukauka yakachunika kwenye changarawe. Teodora alimng'ang'ania Mihayo mguu. Mihayo aliangusha nyundo apate mikono yote miwili, akamgeukia Teodora na kumpiga teke la mbavu, kisha jingine, na Teodora akasikia ubavu wake ukilia. Kwa kazi yake alijua ni wa ngapi.

Mihayo aliinama amwinue ampige tena, mkono wa kulia ameuegemeza juu ya jiwe la kusagia.

Hellen alisimama. Teodora, aliyekuwa chini, aliiona miguu kwanza, myekundu, inavuja maji, ikikanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili. Nyundo ilishuka juu ya ule mkono. Ilishuka tena. Mihayo alipiga magoti, na ya tatu ikamkuta hajauondoa mkono. Ya nne Hellen aliinyanyua juu zaidi, na haikuwa ya mkono. Teodora ndiye aliyejitupa katikati akaushika mpini.

Majirani walifika na mawe na fimbo. Walimtandika Mihayo mgongoni na kichwani, na wangemmaliza. Teodora, damu ikimtoka kinywani, aliwaambia hataki maiti uani kwake. Wakarudi nyuma. Walitaka apelekwe hospitali, lakini Mihayo alijua huko ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na polisi watauliza yote. Alitambaa mpaka miguuni pa Teodora.

"Shikamoo, mayu," alisema. "Niunge."

Teodora hakuitikia salamu. Lakini alimuunga.

Wanaume wanne walimshika. Hakukuwa na dawa ya ganzi. Teodora alipanga vifupa kimoja kimoja, vingine vikiwa vimechomoza, na kila alipovuta kidole Mihayo alipiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Kwa saa nzima alifanya kazi safi kabisa, huku ubavu wake ukimchoma kila alipopumua. Ilibaki kufunga. Mkono hufungwa ukiwa umekunjika kidogo, umeshika donge la kitambaa, ili ukipona ujue kushika. Donge lilikuwa tayari kwenye beseni. Teodora alilitazama, akaliacha. Aliulaza mkono juu ya ubao, vidole vimenyooka, akafunga.

Mihayo alikuja kila siku mbili asafishwe vidonda, wiki nane. Alikuja mpole, ameacha pombe, akimshukuru. Siku moja aliuliza kama vidole havipaswi kulegezwa. Teodora akasema bado. Walipofungua, mifupa yote ilikuwa imeungana, na mkono ulikuwa kama reki. Aliweza kusukuma mlango na kupunga. Hakuweza kukunja ngumi, wala kushika nyundo. Alisema ni mapenzi ya Mungu, akaenda Kwimba kwa kaka zake kuchunga ng'ombe.

Hellen alibaki Mkuyuni na watoto wake, akauza dagaa sokoni. Anatembea vizuri, isipokuwa akisikia wapasua mawe wakigonga mlimani, magoti hulegea, naye hukaa chini popote alipo mpaka yarudi. Mchana alimsaidia Teodora kazi, na mzee akaanza kumfundisha. Mwaka uliofuata aliletwa dereva wa bodaboda aliyesagika kiganja. Teodora alimwonyesha Hellen namna ya kuviringisha kitambaa na kukiweka kwenye kiganja, akamweleza sababu. Hellen alikishika kile kitambaa muda mrefu. Alisubiri mgonjwa aondoke.

"Kwa Mihayo hukuweka."

"Sikuweka."

"Ulisahau?"

"Hapana."

Teodora alitegemea shukrani, au angalau kimya. Hellen aliongea taratibu, akiwa amesimama. "Mimi nilimpiga kwa hasira yangu, ya miaka yangu. Wewe ulikaa naye wiki nane unamuosha vidonda. Wanangu wana baba asiyeweza kushika nyundo wala jembe, na aliyeamua hivyo siyo mimi. Ulikuwa unamfunga Mihayo, au ulikuwa unamfunga Yakobo?"

Hellen alichukua kanga yake akaondoka, na majuma mawili hakuonekana.

Jambo ambalo Hellen hakulijua ni kwamba tangu siku ile ya kufunga, kiganja cha kulia cha Teodora kilikuwa kinauma. Kila kulipokucha vidole vilikuwa vimenyooka, havitaki kukunjika hadi avitie kwenye maji ya moto. Alikwenda hospitali kimyakimya. Walimpiga picha, wakamwambia mifupa ni mizima. Alicheka pale pale mbele ya daktari, hata yule kijana akamwuliza kama yuko sawa.

Hellen aliporudi, alikuta mzee anajaribu kufungua chupa ya mafuta kwa meno aliyobakiwa nayo. Alimnyang'anya, akafungua, akavuta kigoda. Alisema hajasamehe, amekuja kazini tu. Teodora akasema ni sawa. Tangu hapo Hellen ndiye anayefunga mikono ya wagonjwa, na Teodora hukaa pembeni akielekeza, mkono wake wa kulia ameuweka mapajani.