Mgongo wa Binti Yangu na Barabara ya Beni

Niliuona mgongo wa binti yangu nyuma ya nyumba yetu Butembo, nikimpaka mafuta baada ya kuoga. Bega moja lilikuwa juu, na mfupa wa upande ule umetoka kama kishikio cha sufuria. Alikuwa na miaka kumi. Mama mkwe wangu alisema ni madumu ya maji, watoto wetu wanayapandisha mlimani mapema mno. Nikamkataza kuchota maji. Bega halikushuka.

Wakati ule vita vya pili vya nchi yetu vilikuwa vimeshatuzoea. Baba yake alikuwa akifuata mizigo Kasindi, mpakani, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka Beni, kwa daktari mzee tuliyeambiwa anajua mifupa. Alimwita mtoto "mama", kama tunavyowaheshimu wasichana kwetu.

"Inama, mama. Kidogo tena. Bon."

Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo, na kidole hakikwenda sawa. Kilielekea kulia, kisha kikarudi. Walimpiga picha ya mifupa, daktari akaiinua dirishani.

"Mugongo inapinda kadiri anakomea, kadiri anakuwa mukubwa," aliniambia. "Hapana kosa ya maji, na hapana kosa yako. Tutamufungia korseti. Mutamuleta kila masomo ikifungwa, mpaka mifupa imalize kukomea."

Korseti ilikuwa ya ngozi ngumu na vipande vya chuma. Aliivaa chini ya sare ya shule, akalala nayo. Ilimchubua kiunoni, nikachana kitenge changu cha zamani nikamwekea vitambaa. Mbele yangu hakulalamika. Nilimsikia tu akiwaambia wenzake hawezi kuruka kamba, ana kazi.

Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Siku moja daktari alilinganisha picha mpya na ya zamani, akatabasamu. "Imesimama. Haikuongeza kupinda." Tulikula nanasi sokoni Beni, maji yakitutiririka hadi viwikoni, na binti yangu akacheka kwa sauti.

Safari iliyofuata tulisimamishwa kwenye barieri ya askari. Tulishushwa wote kutoka kwenye lori. Askari mmoja alimgusa mtoto begani ampitishe, mkono wake ukakutana na chuma.

"Huyu amevaa nini?"

"Ni dawa ya mugongo, chef. Tunaenda kwa munganga."

"Avue."

Nikamwomba askari amruhusu avulie nyuma ya lori. Akakataa. Basi nikafungua kitenge nikamzungushia, na wanawake tuliosafiri nao wakaja bila kuitwa, wakatugeuzia migongo, wakasimama wamebanana. Binti yangu alifungua mikanda mmoja baada ya mwingine, macho yake kifuani kwangu. Askari aliigeuza korseti, akaipiga kwa kitako cha bunduki atafute kilichofichwa ndani. Vyuma vikajikunja. Hapakuwa na kitu.

"Vaa," akasema, akamrudishia.

Haikuvalika tena. Mbele barabarani risasi zilikuwa zinalia, dereva akageuza lori. Kisha barabara ikafungwa muda mrefu, na katika muda huo binti yangu alirefuka mpaka magauni yake yote yakawa mafupi. Kila nilipompaka mafuta niliona mgongo umezidi kupinda.

Barabara ilipofunguliwa, daktari alimwinamisha, akapima, akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda.

"Alikomea bila kitu ya kumushika," alisema. "Korseti haitasaidia tena. Kupasua, hapa hatuwezi. Kampala, labda. Mais, feza..."

Akajifuta mikono. Binti yangu ndiye aliyeuliza.

"Docteur, nitazala watoto?"

"Utazala, mama. Lakini utachoka mbio kuliko wengine, pumzi itakuwa kidogo."

Hata hivyo tuliendelea kwenda, wapime pumzi na mgongo. Mara ya mwisho alikuwa ameshakuwa msichana mzima. Daktari mzee alikuwa amevuka mpaka akikimbia vita; tulimkuta kijana, mpole, aliyeangalia picha na kusema mifupa imekomaa, haitapinda zaidi, hakuna haja ya kurudi. Nikamshukuru kwa lugha ya kwetu, "Wasingya." Nilifurahi kweli.

Nje, karibu na geti, binti yangu alikaa chini ukutani akalia. Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya mgongo, hata siku ile ya barieri.

"Mama, nilikuwa nafikiri siku moja batasema imenyooka," aliniambia.

Nilikaa karibu naye, nikaweka mkono mgongoni kwake, pale palipotoka, naye akaniacha. Watu wa lori la Butembo walipoanza kuita abiria, tulikuwa bado tumekaa.