Jiwe la Shamba la Mtama

Likizo ile baba alisema jiwe la shambani kwetu linakua na mwishowe litameza shamba, kwa hiyo tungehama. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelipima kwa kamba, kutoka juu hadi ardhini, nikafunga fundo. Nikaenda kulipima tena kwa kujificha. Fundo halikufika chini. Nilihangaika sana, maana mwalimu alitufundisha kwamba mawe hayakui hivyo. Nikazunguka shambani huku na huku mpaka nikaona mizizi ya mtama iko wazi. Mvua ilikuwa imechukua udongo. Na baba ndiye aliyekataa matuta ya kuzuia udongo yaliyoamriwa na serikali ya Mwingereza.

Niliogopa kumwambia hivyo. Nilimwita tu, nikamwonyesha mizizi na kamba. Akapapasa jiwe.

“Haya, msomi. Hayo matuta yanachimbwaje?”